Gari Lililoinuliwa: Kusahihisha Pembe za Usukani na Propela

Katika nchi ya pamba, ambako udongo mweusi wa mbuga hugeuka kuwa gundi mvua zinyeshapo, gari la chama halina budi kupita mahali ambapo gari dogo halithubutu. Haishangazi, basi, kwamba kamati za usafirishaji hushawishika kuidhinisha fedha za kuinua Land Cruiser au Land Rover ya chama kwa springi ndefu zaidi. Gari hutoka gereji likiwa na sura ya kupendeza. Baada ya wiki chache dereva huanza kulalamika: usukani hautulii, propela inaunguruma, na krosi zilizozoea kudumu miaka sasa zinakwisha kwa msimu mmoja. Mara nyingi lawama humwangukia dereva, ilhali kosa limo katika pembe.

Kwanza ifahamike ni nini kinachoinuliwa. Springi ndefu huinua chesisi na bodi. Ekseli na difu hubaki palepale, kwa kuwa kimo chake kutoka ardhini hutegemea tairi. Na tairi ambalo kipenyo chake kimezidi kwa sentimita 6 huinua difu sentimita 3 tu. Chama ambacho shida yake ni difu kukwama juu ya tuta la katikati ya njia hakitapata nafuu kwa springi peke yake. Kinachopatikana ni nafasi ya tairi kubwa na tumbo la gari kuwa mbali zaidi na maji. Bei yake ni kwamba kila fimbo iliyounganisha chesisi na ekseli sasa imelala kwa pembe ambayo kiwanda hakikuikusudia.

Itazamwe baiskeli. Uma wake wa mbele haukusimama wima, bali umeegemea nyuma kidogo, na hilo humsaidia mpanda baiskeli stadi aweze kuachia mikono. Kingi pini za gari nazo zimelazwa nyuma vivyo hivyo, katika magari mengi ya aina hii kiasi cha digrii 3. Mwinamo huo mafundi huuita kasta. Ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona, na ndio unaolishika gari lisiyumbe katika njia iliyonyooka.

Katika Land Rover 110 iliyotoka mwaka 1983, na Land Cruiser 79 iliyotoka mwaka 1999, ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili ya chuma ambayo ncha zake za nyuma zimefungwa kwenye chesisi. Chesisi ikipanda, mikono huinama kwa mbele na ekseli nzima huzunguka pamoja nayo. Hesabu yake si ngumu: sentimita 1 katika kila sentimita 57 za urefu wa mkono ni sawa na digrii 1. Mkono wa sentimita 95, gari likiinuliwa sentimita 5, hupoteza digrii 3. Yaani kasta yote imekwisha. Dereva aliyepakia wanachama tisa na fedha za malipo ya mazao anashika usukani ambao hauna nia ya kurudi katikati.

Dawa ni kuirudisha ekseli nyuma kwa bushi zenye tundu lisilo katikati, au kwa mikono iliyotengenezwa upya kwa kazi hiyo. Katika magari ya springi za majani, kama Land Rover Series III, hutumika kabari ya chuma kati ya springi na ekseli. Lakini hapa ndipo penye mvutano. Kingi pini na difu ya mbele vimo katika gamba moja. Ekseli ikizungushwa ili kuirudisha kasta, pua ya difu inayotazama nyuma hushuka, na pembe ya propela ya mbele huongezeka. Huwezi kuviridhisha vyote viwili.

Uamuzi hutegemea gari. Land Cruiser yenye habu za mbele za kufunga na kufungua haiizungushi propela ya mbele katika safari za kawaida, kwa hiyo kasta ipewe haki yake na propela ivumilie kilomita chache za tope. Land Rover 110 huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na propela yake ya mbele haipumziki. Huko afadhali gari liinuliwe kidogo zaidi ya kuongeza vipuri juu ya vipuri. Kwa kazi za vyama sentimita 5 zinatosha.

Tatizo la krosi linastahili kueleweka, kwa kuwa ndilo linalokula fedha. Krosi iliyopinda haipitishi mwendo ulio sawa. Shafti ikiingia kwa mizunguko 1,000 kwa dakika katika pembe ya digrii 10, inayotoka huenda kasi na polepole kati ya 985 na 1,015, mara mbili katika kila mzunguko. Kwa digrii 20 tofauti huwa kati ya 940 na 1,064. Krosi ya pili hufuta kosa la kwanza kwa sharti kwamba pembe zote mbili ziwe sawa na uma za ncha mbili za propela zielekee upande mmoja. Kwa hiyo fundi anayeifungua propela aweke alama ya rangi kabla ya kuitenganisha. Kosa la kawaida ni kuilaza difu ya nyuma kwa kabari mpaka pua yake iitazame giaboksi moja kwa moja. Jambo hilo ni sahihi tu pale ambapo ncha ya juu ina krosi mbili zilizounganishwa. Penye krosi moja kila upande, shafti ya giaboksi na ile ya difu zibaki sambamba.

Rodi ya Panhard, inayoizuia ekseli ya mbele isiende kando, nayo huivuta upande mmoja gari linapopanda. Iwekwe rodi inayorekebishika urefu. Tahadhari ni hii: rodi hiyo na fimbo ya usukani zilipangwa zilale kwa pembe moja. Anayeinua mshikio wa moja bila nyingine huleta ugonjwa mpya, gari linaruka shimo na usukani unajigeuza wenyewe. Fimbo za usukani zisipashwe moto wala kuunganishwa kwa kuchomelea, hata kama fundi anajulikana na bei ni nafuu. Vipande vya kuinulia visiwekwe kamwe chini ya springi za mbele.

Mabomba ya breki yakaguliwe yasivutike gurudumu likining'inia, na vali ya breki za nyuma inayopima mzigo, kwa magari yenye nayo, irekebishwe. Isiporekebishwa itadhani gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu.

Vipimo vichukuliwe kabla springi ya kwanza haijafunguliwa, gari likiwa mahali tambarare na mzigo wake wa kawaida. Kipimapembe cha shule na uzi wenye timazi vinatosha kupata pembe ya giaboksi, ya propela na ya difu. Namba hizo ziandikwe katika daftari la gari, na baada ya kazi zipimwe tena mbele ya mjumbe wa kamati kabla fundi hajalipwa. Kisha gari liendeshwe kilomita 40 kwa saa katika njia iliyonyooka isiyo na watu, mikono ikilegezwa kidogo. Usukani usiporudi wenyewe baada ya kona, lirudi gereji siku hiyohiyo. Yuboluti zote zikazwe upya baada ya kilomita 500.