Joto la kaskazi na tangi la matumbawe

Mafunzo mengi ya tangi la maji ya chumvi yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Hujamaliza hata ukurasa wa kwanza, umeshaambiwa ununue hita. Sisi wa Dar es Salaam hita tunaihitaji kwa nadra, pengine usiku wa Julai kusi ikivuma. Kinachotuulia matumbawe ni joto la kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikishaingia, sebule inapofika nyuzi 32 saa tisa alasiri na usiku wenyewe hauleti nafuu. Kwa hiyo nitaeleza ninavyoyapoza maji kwangu Upanga, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe: kwanza kupunguza joto linaloingia, halafu kulitoa lililokwishaingia, na mwisho kabisa mashine ya gharama.

Tangi langu ni la lita 250. Ukiondoa mawe na mchanga, maji yenyewe yanabaki kama lita 200, na hesabu zote hapa chini nimezipiga kwa lita hizo. Lako likiwa na maji ya lita 100, kila kitu kitakwenda kasi mara mbili: litapata moto haraka na litapoa haraka. Ndiyo maana anayeanza namshauri asinunue tangi dogo kwa kudhani ni rahisi kulitunza.

Ninalenga nyuzi 26. Nikikuta 25.5 asubuhi na 26.5 alasiri, natulia. Wageni hunihoji: bahari yetu yenyewe ina joto zaidi ya hapo, unahangaika nini? Ni kweli. Mwezi wa Agosti maji ya juu ya pwani yetu huwa kwenye nyuzi 25 au 26, na Machi hufika 29 hadi 30. Lakini matumbawe wa Machi wanaishi ukingoni. Wataalamu wanaofuatilia bahari kwa setilaiti huanza kuhesabu hatari pale maji yanapozidi kwa nyuzi 1 wastani wa mwezi wa joto zaidi wa mahali hapo. Nyuzi 1 tu! Ikidumu wiki kadhaa, tumbawe huwatema mwani wadogo wanaoishi ndani ya nyama yake na kumlisha, na anabaki mweupe. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, miamba mingi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ilipopauka, Tanzania na Kenya zikiwemo, na sehemu kubwa ikafa. Mwaka 2016 hali ikajirudia, na 2024 tena. Bahari hatuwezi kuipoza. Tangi tunaweza, na ninaona ni haki ya kiumbe niliyemweka kwenye kioo kupewa nafasi ya kupumua kabla ya kufika ukingoni.

Kuna sababu ya pili, nayo ni oksijeni. Maji ya bahari ya nyuzi 25 hubeba karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba kama 6.2. Tofauti inaonekana ndogo, ila maji yakipata joto samaki naye huhitaji hewa zaidi, na taa zikizimwa mwani hawatoi tena oksijeni, kila kiumbe anavuta tu. Ukiamka alfajiri ukamkuta samaki kangaja ameganda karibu na uso wa maji, mashavu yakienda mbio, usisubiri kipimajoto kikuambie kitu.

Tukitaja kipimajoto: usikiamini mpaka ukipime. Vile vya bei rahisi vya kubandika kwenye kioo vinapima kioo na hewa ya sebuleni. Chukua cha kutumbukiza, saga barafu, ijaze kwenye chupa ya chai, tia maji safi kidogo yajaze nafasi zilizobaki, koroga, subiri dakika chache. Lazima kisome 0. Kisha weka maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, tumbukiza kipimajoto cha homa pamoja nacho, na uvilinganishe kwenye nyuzi 37 hivi. Kikiwa sawa chini na sawa juu, hapo katikati kwenye 26 unaweza kukitegemea. Kikikosea kwa nusu nyuzi pande zote mbili, andika kosa hilo kwa kalamu ya wino kwenye kipimajoto chenyewe na uwe unalitoa kila unaposoma. Narudia zoezi hili kila kaskazi inapokaribia, kwa sababu vihisi vya elektroniki hupotoka taratibu, na maji ya chumvi huviharibu.

Sasa joto linaloingia. Watu hulaumu jua la dirishani, na kweli tangi lisikae panapopigwa na jua, lakini wanasahau vyombo walivyotumbukiza wenyewe. Umeme wote unaoliwa na pampu iliyo ndani ya maji huishia kuwa joto ndani ya maji hayohayo. Piga hesabu: wati 100 zikifanya kazi saa 24 kwenye lita zangu 200, joto lisipopata pa kutokea, maji yangepanda nyuzi 10 kwa siku moja. Bila shaka joto linapata pa kutokea, kupitia kioo na uso wa maji, lakini sebule ikiwa na nyuzi 31 njia ya kioo imejifunga. Kwa hiyo soma wati zilizoandikwa mgongoni mwa kila pampu, ujumlishe. Pampu kubwa ya zamani ukiibadilisha kwa inayokula nusu ya umeme huo, utakuwa umenunua ubaridi, na bili ya Luku nayo itashuka.

Taa nimeziinua, haziko tena karibu na maji, na nimezibadilishia saa: zinawaka saa kumi jioni hadi saa sita usiku. Matumbawe hawajali mchana wao unaanza saa ngapi, mradi uanze saa ileile kila siku. Kwa njia hiyo joto la taa halikutani na joto la saa nane mchana. Tena ndipo niko nyumbani kuwaangalia. Kifuniko cha kioo nimekitoa kabisa, nikaweka wavu mwepesi ili samaki wasiruke. Kabati la chini, lenye tangi la pili na pampu, milango yake inabaki wazi kaskazi yote. Halipendezi kwa wageni, najua. Wageni wataelewa.

Baada ya hapo ndipo feni. Hapa nitakaa kidogo, maana feni ndogo mbili za kompyuta zimenifanyia kazi ambayo watu huitafutia mashine ya mamilioni. Zielekeze zipulize kwa mshazari juu ya uso wa maji, hasa kwenye tangi la chini ambako maji yanachafuka. Kinachopoza ni maji yanayogeuka mvuke. Kila lita moja inayoruka huondoka na joto la kutosha kushusha lita zangu 200 kwa karibu nyuzi 3. Tangi langu likipigwa feni hupoteza kama lita 3 kwa siku, kwa hiyo hata joto la pampu linaloingia muda wote linapata wa kulibeba.

Feni ina mipaka yake, na mipaka hiyo ni unyevu wa hewa. Siku ambayo nguo ulizoanika ndani hazikauki, feni nayo haitakusaidia sana. Ndiyo maana dirisha la upande wa pili lazima liwe wazi: ule mvuke ukibaki chumbani, baada ya saa chache unajipulizia hewa iliyokwishashiba. Mwezi wa Februari nikipata nafuu ya nyuzi 2 nashukuru. Julai feni hiyohiyo ingeyapoza maji kupita kiasi, kwa hiyo inaongozwa na kidhibiti chenye kihisi: inawaka maji yakifika 26.3, inazimika yakishuka 25.8.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hulikuta wakiwa wamechelewa. Maji yanaruka, chumvi haitoki. Ukipoteza lita 3 kwa siku bila kufidia, kwa wiki moja chumvi ya gramu 35 kwa lita itakuwa imefika 39, na matumbawe watafunga vinywa hata kama joto liko sawasawa. Kwa maneno mengine, ukishafunga feni umejipa kazi ya pili, na huwezi kuziachanisha. Fidia kwa maji matamu yaliyochujwa, kamwe usifidie kwa maji ya chumvi. Ya bomba yana klorini na mengine ambayo hutaki. Mimi nimefunga boya dogo kwenye tangi la chini, aina ileile ya boya la simtanki, linaloruhusu maji kutoka kwenye ndoo ya juu kadiri kiwango kinavyoshuka. Ndoo inajazwa jioni. Kila Jumamosi napima chumvi kwa rifraktomita.

Kabla ya kununua mashine ya kupoza, ile tunayoiita chila, angalia kama nyumbani kuna chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa kila siku. Hamishia tangi humo. Kiyoyozi kinapoza chumba na papo hapo kinakausha hewa, hivyo feni zako zitafanya kazi kama ziko Dodoma. Chila niliinunua nilipoanza kufuga matumbawe wa matawi, wale akropora, ambao hawavumilii mchezo. Usiifungie kabatini: joto inalolitoa kwenye maji linatokea mgongoni mwake, pamoja na joto la mota yake, na likikosa njia litarudi kulekule. Yangu iko kwenye baraza la nyuma, bomba zimepita ukutani na kuvikwa sponji. Nimeipangia iwake kwenye nyuzi 27, juu ya kiwango cha feni, ili feni zifanye kazi kwanza na yenyewe iingie zikishindwa.

Walioko Arusha, Njombe au Nairobi wana shida ya upande wa pili, na kwao neno langu ni fupi: nunueni hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, tuseme za wati 75 kila moja kwa tangi kama langu. Hita zina tabia ya kukwama zikiwa zimewaka. Ndogo ikikwama haina nguvu ya kuwachemsha samaki, na ikifa, mwenzake anashikilia mpaka asubuhi.

Umeme ukikatika, cha kwanza kuisha ni oksijeni; joto hufuata nyuma. Kwa hiyo kitu cha lazima kuliko vyote ni pampu ndogo ya hewa ya betri, inayojiwasha yenyewe umeme ukiondoka. Nina pia chupa za maji za lita moja na nusu kwenye friza, zimejazwa robo tatu ili zisipasuke, na zimefungwa vizuri. Chupa moja ikiyeyuka hadi kulingana na maji inashusha lita 200 kwa karibu nyuzi 0.7. Pampu kuu ikiwa imezimika, chupa iingie tangi la juu, karibu na mapovu ya hewa yaweze kuusambaza ubaridi. Ingiza moja, subiri, pima, ndipo uongeze nyingine. Barafu yenyewe usiimimine ndani, utavuruga chumvi.

Na ukirudi kutoka kazini ukakuta 31? Zima taa kwanza, kabla hata ya kutafuta barafu. Kinachompausha tumbawe ni joto likishirikiana na mwanga, na mwanga ndio unaoweza kuuondoa kwa sekunde moja. Ongeza mapovu, punguza chakula, shusha joto kwa takriban nyuzi 1 kwa saa. Kama chanzo ni umeme uliokatika, ukirudi rudisha pampu, kisha feni. Taa zikae zimezimwa mpaka kesho.

Tumbawe aliyepauka usimtupe. Msogelee na tochi usiku: ukiona nyama nyororo inayoangaza juu ya mfupa mweupe, na vinywa vidogo vinavyojikunja ukitikisa maji, bado yuko hai, ana njaa tu. Mlishe chakula laini jioni, mhamishie chini panapopata mwanga hafifu, na uyaache maji kwenye 25 hadi 26. Rangi ya kwanza kurudi mara nyingi ni hudhurungi, si ile uliyomnunulia. Usimpandishe juu kwa sababu ya hudhurungi hiyo. Ngoja imfunike mwili mzima, kisha mpandishe kwa vituo, wiki hadi wiki.