Mnyapara na Amana

Somo letu la mara hii lahusu uongozi wa watu wanaokula jasho la mikono yao: waashi na wasaidizi wao, wachukuzi wa mizigo, madereva na mataniboi, wachimbaji wa mitaro, na wale wanaoshika zamu penye mabomba ya maji. Watu hawa ndio wanaoisimamisha miji ya Lodwar na Kakuma. Juu ya hayo, likitajwa neno uongozi, fikira za wengi wetu hukimbilia kwa mbunge, na chifu, na mwenye gari. Mwenye koleo hatajwi. Hudhaniwa kuwa yeye ni wa kuongozwa tu, na kwamba akishapewa ujira wake jioni basi haki yake imekwisha. Dhana hii si sahihi, na madhara yake twayaona kwa macho.

Na tuanze kwa habari iliyo karibu mno na watu wa nchi hii ya mifugo. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipoikimbia Misri alifika Madyan hana kitu. Akakuta wachungaji wamejazana kisimani, na wasichana wawili wamesimama kando wakizuia wanyama wao. Akawanywesheshea, wala hakudai malipo. Baadaye mmoja wao alimshauri baba yake amwajiri, akamsifu kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Na mkataba ukawa wa miaka 8, na akitimiza 10 ni hiari yake. Angalieni mpango wa mambo ulivyokuwa: kwanza alitumika bila kuombwa, kisha akafanya kazi ya ujira kwa muda unaojulikana, na baada ya miaka yote hiyo ya kwenda nyuma ya kondoo ndipo alipotumwa kwa Firauni. Mchungaji wa Kiturkana aliyeshuka katika kisima cha mchanga kwenye mto mkavu, akapokezana chombo cha maji na wenzake mmoja baada ya mmoja mpaka mnyama wa mwisho akanywa, huenda akaifahamu habari hii kuliko sisi tuliyoisoma vitabuni.

Basi nguvu ipo, na sote twaiona. Linalotaka kufundishwa na kulindwa ni hilo la pili. Mnyapara wa leo huchaguliwaje? Aghalabu ni jamaa wa kontrakta, au mtu wa kabila lake, au yule mwenye sauti kubwa kupita wenziwe. Siku ya malipo huonekana majina ya watu ambao hapana aliyewaona wakishika karai, na kibarua wa kweli hukatwa kitu kidogo ili jina lake libaki katika orodha ya kesho. Naye hunyamaza, kwa kuwa nje ya lango wako wengine 10 wanaoitaka nafasi yake. Hivyo ndivyo neno lenyewe lilivyoingia doa. Zamani halikuwa hivyo: katika misafara ya bara ya karne ya 19 mnyapara alikuwa mkubwa wa wapagazi, na juu ya kichwa chake ilikuwa hesabu ya mizigo, na posho, na wagonjwa njiani. Ilikuwa kazi ya kuhesabu kabla ya kuwa kazi ya kukemea.

Tusidhani kwamba wafanyakazi wa nchi hii hawakupata kuwa na viongozi wao wenyewe. Walikuwa nao, na serikali ya kikoloni iliwajua vizuri kuliko tunavyowajua sisi. Mnamo Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waliziacha kazi zao kwa muda wa siku 12 hivi, wakawa wakikutana katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini; kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka huo huo, akapelekwa mbali. Mwaka 1949 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi wa Afrika Mashariki, mwenyekiti wake Fred Kubai na katibu wake Makhan Singh. Mmoja Mwafrika, mmoja Kalasinga, dini zao mbali mbali, na ofisi yao moja. Wote wawili walikamatwa Mei 1950. Makhan Singh akawekwa kizuizini mpaka 1961, na sehemu ya miaka hiyo aliipitisha Lokitaung, kaskazini ya Lodwar. Na Kubai naye, baada ya hukumu ya Kapenguria ya 1953, alifungwa huko huko Lokitaung. Turkana, basi, ilifanywa gereza la viongozi wa wafanyakazi. Ajabu ni kwamba kijana wa Lodwar anayesukuma toroli leo huenda hajapata kuyasikia majina hayo.

Linganisheni na jambo la juzi. Mafuta yaligunduliwa Lokichar mwaka 2012, na Oktoba 2013 watu wa huko wakaingia katika viwanja vya uchimbaji wakidai ajira, hata kazi ikasimamishwa. Madai yao yalikuwa na msingi. Lakini waliotajwa kuwa mbele ya watu walikuwa wanasiasa; haikutajwa kamati ya vibarua wenyewe, yenye daftari lao na hesabu ya nani ameajiriwa, kwa ujira gani, na kwa muda gani. Mwanasiasa aweza kulifungua lango kwa siku moja. Kulilinda lango hilo mwaka mzima, kila Jumatatu asubuhi watu wanapoandikwa, si kazi yake, wala hana nafasi nayo.

Kakuma mambo ni mazito zaidi. Kambi ilianza mwaka 1992, na Kalobeyei ikaongezwa 2016, na leo wakazi wa huko wanakaribia 300,000. Mkimbizi aliyefanya kazi kwa mashirika amezoea kupokea kitu kinachoitwa motisha, kilicho chini ya mshahara wa mwenyeji kwa kazi iliyo moja. Mwenyeji naye hulalamika kwamba kazi zimechukuliwa na wageni. Mwaka 2025 posho ya chakula ilipopunguzwa sana, kila shilingi ya kibarua ikawa na vinywa vingi zaidi vya kulisha. Huenda mtu akasema: watu wenye njaa utawafundishaje uongozi? Walishe kwanza. Jawabu yake ni kwamba penye njaa ndipo mgawaji mbaya anapoua. Mshika zamu wa bomba akimtanguliza jirani yake kwa mitungi 2, kelele itakayozuka haitakuwa juu ya maji. Itakuwa juu ya kabila na kabila. Yule anayeweza kusema "leo maji yatakoma saa nne, na waliokosa leo ndio wa kwanza kesho", na kesho ikawa hivyo hivyo, huyo amewatumikia watu kuliko mikutano mingi.

Na hilo halipatikani kwa semina ya siku mbili yenye chai na vyeti. Hupatikana kwa kumkabidhi mtu amana inayohesabika. Mpe fundi kijana ufunguo wa stoo ya saruji na daftari la mifuko. Mwache aandike mwenyewe saa ya kuingia na ya kutoka ya wenzake, naye aisome kwa sauti jioni, kwa Kiswahili na kwa Kiturkana, na kwa Kisomali au Kiarabu cha Sudani wakiwapo wenye lugha hizo, ili kila mtu asikie jina lake na aweze kupinga pale pale.

Kisha afundishwe sheria, kwa kuwa mtu asiyeijua haki huwa hana cha kusema ila kunung'unika. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya usalama kazini yataka mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Sheria hiyo yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, wala tajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali pa hatari kabla haijaondolewa. Sheria ya ajira ya mwaka huo huo yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja haachwi tena katika hali ya kibarua wa kutwa. Ni wangapi waliopata kuambiwa?

Mfikirie mchimbaji wa mtaro wa bomba katika udongo wa mchanga kando ya Turkwel. Kuta zaanza kumeguka. Mnyapara aliyewekwa kwa ujamaa atasema chimbeni, kwa kumwogopa kontrakta. Aliyelelewa kwa amana atawatoa watu kwanza, kisha aende ofisini kusema kwa adabu na bila kutetemeka, na akirudi awaambie wenzake sawa na aliyoyasema huko, wala asijiongezee ushujaa. Adabu yake kwa mkubwa na ukweli wake kwa wadogo vyapaswa kuwa neno moja. Mwenye ndimi mbili hata akiwa fundi hodari hafai, na wenzake watamjua kabla ya wiki kwisha.

Limebaki jambo la zamu. Cheo kisichokuwa na mwisho hugeuka mali ya mtu. Kwa hiyo muda utajwe tangu siku ya kwanza. Katika kazi ya ujenzi miezi mitatu yatosha. Wiki mbili kabla ya mwisho, yule atakayepokea aketi kando ya mwenye daftari ajifunze kuandika. Siku ya kukabidhi, mifuko ya saruji na vyombo vya kazi vihesabiwe mbele ya wote, pengo lililoonekana litajwe, na aliyemaliza zamu achukue koleo lake ashuke mtaroni pamoja na wengine.