SOMO LA BOHARI: Kila Mtumishi na Nywila Yake

Bohari za serikali nchini Kenya zimezoea karatasi. Bidhaa zikipokelewa, fomu ya S13 hujazwa; zikitolewa, hujazwa S11, ambayo hutiwa sahihi na anayeomba, anayetoa na anayepokea. Bohari inapoanza kutumia programu ya kompyuta, jina la mtumiaji na nywila ndivyo vinavyochukua nafasi ya sahihi hizo. Watu watatu wakitumia nywila moja, ni sawa na watu watatu kutia sahihi ya mtu mmoja.

Chukua mfano wa bohari ya pembejeo Sironga. Magunia 200 ya mbolea yamepokelewa. Wiki moja baadaye kompyuta inaonyesha 180, na S11 haipo. Kumbukumbu zinasema aliyepunguza ni karani, siku ambayo alikuwa likizoni. Ikiwa nywila yake ilibandikwa ukutani, atajitetea kwa shida, mwizi hatajulikana, na mkulima atakosa mbolea msimu wa kupanda.

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Kazi ziorodheshwe kabla ya majina: nani anapokea, nani anatoa, nani anaidhinisha, nani anakagua.

2. Ruhusa zigawanywe kwa viwango vinne. Mkaguzi husoma tu. Karani huingiza mapokezi na maombi, lakini hafuti. Mwidhinishaji hukubali au hukataa maombi, lakini haingizi. Msimamizi wa mfumo hufungua na kufunga akaunti, lakini hagusi hesabu ya bidhaa.

3. Kila mtumishi apewe akaunti yake. Nywila ya kuanzia ibadilishwe mara ya kwanza anapoingia.

4. Nywila iwe ndefu. Maneno manne yasiyohusiana ni rahisi kukumbuka na ni magumu kukisia. Jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa na nambari ya simu havifai.

5. Mtumishi akihamishwa au kustaafu, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo. Isifutwe, ili kazi aliyoifanya ibaki kwenye kumbukumbu.

6. Kila mwezi, orodha ya akaunti ilinganishwe na orodha ya watumishi, na hesabu ya kompyuta ilinganishwe na magunia yaliyomo.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaharamisha kuingia kwenye mfumo bila idhini, na pia kumpa mtu nywila kwa kujua, bila idhini. Kila kosa lina adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Programu ikihifadhi majina na nambari za vitambulisho vya wakulima, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahusika.

Mkubwa akimwomba karani nywila "kwa dakika moja tu", jibu sahihi ni kumwelekeza kwa msimamizi wa mfumo afunguliwe akaunti yake mwenyewe.