JINA LA KAMPUNI: LITAFUTE KABLA YA KULIPAKA RANGI

Somo la mwezi huu si la mbolea wala la dawa ya kunyunyizia. Ni somo la jina. Wakulima wengi wa Ruiru na Thika siku hizi huungana ili wauze maziwa, mayai, mboga na maparachichi yao kwa pamoja. Jambo la kwanza wafanyalo ni kujipa jina. Jambo la pili yafaa liwe kuuliza kama jina hilo lina mwenyewe, wala gharama yoyote isiingie katikati ya mambo hayo mawili. Sasa nitaeleza kwa nini.

Mimi ni karani wa afisi ya kilimo. Nilisomea ualimu kabla ya kuja afisini, kwa hiyo wazee huniita Mwalimu mpaka leo. Asubuhi moja ya msimu wa mvua waliingia wafugaji watatu wa kuku: mzee mwenyekiti, mama mweka hazina, na kijana aliyebeba sanduku la karatasi. Kikundi chao kilikuwa na watu kumi na wawili. Walikuwa wamempata mnunuzi aliyekuwa tayari kuchukua trei zao zote za mayai kila juma, lakini alitaka kwanza wawe kampuni, ndipo waandikiane mkataba.

Basi walikutana, wakachagua jina walilolipenda, wakapiga makofi. Juma lile lile wakamlipa fundi wa rangi aandike kibao cha barabarani, na mchapaji awapigie chapa karatasi 3,000 za kutia katika trei. Baadaye ndipo walipoomba kuandikishwa. Jibu lilikuwa fupi: jina halikukubaliwa, kwa kuwa lilifanana mno na jina la kampuni iliyokwisha kuandikwa.

Mzee alitoa cheti mfukoni akakiweka mezani. "Mwalimu, sisi tumeandikwa huu mwaka wa pili. Jina letu hili hapa, na muhuri wa serikali upo."

"Ni kweli, Mzee," nilimjibu, "lakini cheti hiki ni cha kikundi. Kitabu cha makampuni ni kingine."

Mama mweka hazina alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Pesa hizo zilikuwa za chakula cha kuku."

Nimeandika somo hili kwa ajili ya neno hilo la Mama.

Kazi ya jina ni nini?

Sisi wa Ruiru twajua kazi ya jina kwa sababu ya kahawa. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha hapa kwetu kiliwatolea wakulima aina mpya iliyoweza kustahimili ugonjwa wa chulebuni na ugonjwa wa kutu ya majani. Iliitwa Ruiru 11. Mwaka 2010 ikatolewa nyingine, ikaitwa Batian. Mkulima akienda kununua miche, hasemi "Nipe kahawa," bali hutaja jina, maana asipotaja aweza kupewa mche usiofaa shamba lake, naye atalijua kosa hilo baada ya miaka.

Jina la kampuni lina kazi iyo hiyo. Humtenga huyu na yule, ili mnunuzi ajue anamlipa nani, benki ijue inamkopesha nani, na mkulima ajue anamdai nani. Majina mawili yakifanana, barua, malipo na madeni yaweza kupotea njia. Ndiyo sababu serikali huyachunguza majina kabla ya kuyaandika.

Vitabu vinne

Watu wengi hudhani ya kwamba jina likiandikwa mahali pamoja, limelindwa kila mahali. Sivyo. Fikiri ya kwamba kuna vitabu vinne:

1. Kitabu cha vikundi vya jamii. Hivi huandikwa chini ya sheria ya mwaka 2022, navyo vyataka watu wasiopungua kumi. Cheti cha yule Mzee kilitoka humo.

2. Kitabu cha majina ya biashara. Hiki chamfaa mtu mwenye duka au washirika wachache. Lakini jina la biashara halimtengi mtu na duka lake. Duka likiwa na deni, deni ni lake mwenyewe.

3. Kitabu cha makampuni. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 yamruhusu hata mtu mmoja kuanzisha kampuni. Mbele ya sheria kampuni ni mtu wa namna yake: hununua, huuza, hudai na hudaiwa kwa jina lake yenyewe. Katika kampuni ya hisa, mwenye hisa aliyekwisha kuzilipia hatanyang'anywa ng'ombe wake kwa deni la kampuni, isipokuwa kama aliweka dhamana kwa mkono wake. Jina la kampuni ya namna hii, ikiwa ni ya watu binafsi, sharti liishe kwa neno Limited, au Ltd kwa kifupi, ili kila mtu ajue mipaka hiyo.

4. Kitabu cha vyama vya ushirika. Hiki ni cha Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika.

Kitabu cha pili na cha tatu hutunzwa na afisi ya serikali ya kuandikisha biashara, ijulikanayo kwa herufi BRS. Kabla ya kuchagua jina, kubalianeni kwanza mwataka kuingia katika kitabu gani.

Namna ya kuchagua

Chagueni majina matatu, wala si moja. Yapangeni kwa jinsi mnavyoyapenda. Mkiwa na moja tu nalo likakataliwa, itawabidi mkutane upya, na mnunuzi hangoji mikutano.

Jina liwe jepesi kutamkwa sokoni na jepesi kuandikwa katika hundi. Mpeni mtoto wa shule alisikie mara moja, kisha aliandike. Akikosea, jueni karani wa benki naye aweza kukosea.

Msijifunge kwa zao moja. Mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamegeuka kuwa nyumba na barabara. Kahawa Sukari na Kahawa Wendani ni mitaa ya watu, na mgeni asikiaye majina hayo aweza kutafuta mibuni asiione. Kampuni yenu ikiitwa kwa jina la mayai, nanyi baada ya miaka mitano mkauza maziwa, jina litawapinga.

Yaepukeni maneno yenye wenyewe. Neno "benki" halitumiwi na yeyote asiye na leseni ya kazi hiyo. Neno "ushirika" katika jina ni la vyama vilivyoandikishwa kuwa vya ushirika. Jina linalofanya watu wadhani ya kwamba ninyi ni serikali ya taifa au ya kaunti halikubaliwi bila idhini. Matusi hayakubaliwi kamwe.

Mwisho, msijaribu hila ya herufi moja. Tuseme iko kampuni iitwayo Umande. Nataja jina hilo kwa mfano tu. Ninyi mkijiita Umandee, au Umande Kenya, au Umande na Wenzake, msishangae Msajili akisema ni yale yale. Ongezeni neno lenye kutofautisha kweli.

Namna ya kutafuta

Zamani mtu alikwenda Nairobi, Sheria House, akapanga mstari. Siku hizi kazi hii hufanywa kwa kompyuta au simu, katika eCitizen. Fuateni hatua hizi:

Kwanza, mmoja wenu aingie katika eCitizen kwa nambari ya kitambulisho chake, afungue sehemu ya BRS, aandike majina yale kwa utaratibu wenu. Alipe tu ada iliyoonyeshwa pale pale, si ada atakayotajiwa na mtu wa njiani. Asiyezoea kompyuta aweza kuomba msaada katika Kituo cha Huduma kilichoko Thika.

Pili, ngojeni jibu la Msajili. Kama ninyi wenyewe mmetafuta katika simu msione jina linalofanana, hilo si jibu. Kutoona si dalili ya kutokuwepo.

Tatu, jina likikubaliwa, sheria yaruhusu muwekewe kwa siku 30, nanyi mwaweza kuomba kuongezewa siku. Katika muda huo malizeni fomu za kampuni. Mkilala, mwingine aweza kulichukua.

Nne, hata baada ya kuandikwa, Msajili aweza kuwaagiza mlibadili jina ikionekana ya kwamba lilifanana mno na jina lililotangulia. Kwa hiyo msilitafute kwa jicho la kutaka kukubaliwa tu. Litafuteni kwa jicho la yule atakayelalamika.

Jina la kampuni si alama ya bidhaa

Hapa ndipo wengi hujikwaa mara ya pili. Tazameni jirani zetu wa Githunguri. Chama chao cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kilianzishwa mwaka 1961, lakini pakiti zake dukani zaitwa Fresha. Jina la chama ni moja, na jina la bidhaa ni lingine.

Jina la bidhaa huitwa alama ya biashara, nalo huandikwa katika afisi iitwayo KIPI, Nairobi. Alama huandikwa kwa mafungu ya bidhaa: maziwa na mayai yamo katika fungu la 29, kahawa na unga katika la 30, mboga na matunda mabichi katika la 31. Alama ikiandikwa hulindwa kwa miaka 10, na mwenyewe aweza kuifanya upya.

Basi yawezekana Msajili wa Makampuni akubali jina lenu, kumbe mtu mwingine ameliandika KIPI kuwa alama ya mayai yake. Mkilichapa katika trei zenu, aweza kuwapeleka mahakamani. Kwa hiyo ulizeni pande zote mbili, BRS na KIPI, kabla ya kwenda kwa mchapaji.

Herufi zile zile, watu mbalimbali

Wafugaji wa makamo watazikumbuka herufi KCC. Kiwanda hicho cha maziwa kilianzishwa mwaka 1925. Kiliposhindwa, mwaka 2000 kiliuzwa, na kampuni iliyokinunua ikaitwa KCC 2000. Mwaka 2003 serikali ilikirudisha mikononi mwake, kikaitwa New KCC. Kila mmoja alizishika herufi zile tatu, maana kila nyumba ilizijua, na imani ya mnunuzi haijengwi kwa siku moja.

Hapo tunapata mafundisho mawili. Jina ni mali, litunzeni. Tena, msisome herufi zilizoandikwa kwa ukubwa peke yake. Mkipeleka maziwa, someni jina lote katika mkataba, mpaka neno la mwisho, maana huyo ndiye mtakayemdai.

Maswali ya kujijaribu

1. Kikundi chenu kimeandikwa katika kitabu gani?
2. Je, cheti cha kikundi chalinda jina katika kitabu cha makampuni?
3. Kwa nini yafaa kuchagua majina matatu?
4. Ni afisi zipi mbili za kuuliza kabla ya kuchapa jina katika pakiti?

Wale wafugaji wa kuku walirudi nyumbani, wakachagua majina matatu. La kwanza lilikataliwa tena, la pili likakubaliwa. Lakini siku zilikuwa zimepita, na mnunuzi alikuwa amekwisha kuandikiana na wengine. Iliwachukua miezi minne kumpata mwingine, naye huchukua nusu tu ya trei zao.

Karatasi zile 3,000 hazikutupwa. Mama mweka hazina huandika nyuma yake hesabu ya mayai ya kila siku, karatasi moja kwa siku moja. Aliponionyesha, alicheka kidogo akasema, "Mwalimu, hizi zitatufikisha miaka minane." Kibao cha barabarani kimepakwa rangi upya, na jina lililo juu yake sasa limo katika kitabu.