Mizimu ya Ikulu ya Marekani: Somo kwa Muislamu



Darasani kwangu kijana mmoja aliuliza: "Ustadh, ni kweli mzimu wa Rais Lincoln unaonekana Ikulu ya Marekani?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwani wapo wengi wetu hapa mjini wanaohama nyumba kwa kusikia vishindo usiku, au wanaompelekea mganga fedha ili "amtulize" marehemu.

Tuanze na habari yenyewe. White House, Ikulu iliyopo Washington, ilianza kukaliwa na marais mwaka 1800. Abraham Lincoln alipigwa risasi Aprili 14, 1865 katika ukumbi wa maigizo, akafa asubuhi yake katika nyumba iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Hakufia Ikulu. Pamoja na hayo, watumishi na wageni kadhaa wamedai kumuona humo.

Aliyefia Ikulu ni mwanawe, Willie, Februari 1862, akiwa na miaka 11. Mama yake, Mary, alizidiwa na majonzi hadi akawaingiza Ikulu watu waliodai kuzungumza na wafu. Tusimcheke. Mama aliyefiwa ni rahisi kudanganywa, awe mke wa rais au muuza vitumbua.

Mwaka 1945 Rais Harry Truman alimwandikia mkewe kuwa anasikia mizimu ikitembea humo usiku. Mwaka 1948 mguu wa piano ya binti yake ukatoboa sakafu! Wahandisi walipokagua walikuta boriti zimechoka, zimekatwakatwa miaka mingi kupitisha mabomba na nyaya. Truman akahama. Ndani kote kukabomolewa, zikabaki kuta za nje, kikajengwa kiunzi cha chuma. Alirudi mwaka 1952. Je, milio mingapi ya "mizimu" ilikuwa ni mbao zinazolia kwa kuelemewa?

Uislamu unasemaje? Katika Suratul Mu'minun, aya ya 99 na 100, Allah (s.w.) anatufahamisha kuwa anayekufa huomba arudishwe duniani, naye hakubaliwi, mbele yake kuna barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Basi Lincoln harudi, wala babu yako harudi.

Atauliza mtu: "Na majini je?" Majini wapo, hilo ni katika imani yetu. Lakini Suratu Sabai, aya ya 14, inatueleza kuwa majini waliendelea kumfanyia kazi ngumu Nabii Suleiman (a.s.) hali ya kuwa ameshakufa, wasijue, mpaka mdudu alipoila fimbo yake akaanguka. Wasiojua ghaibu watampaje mganga siri za maiti wako? Na si kila kishindo ni jini.

Ukisikia vishindo, kagua dari, panya na mabomba. Soma Suratul Baqara nyumbani, kwani Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa shetani huikimbia nyumba inayosomwa sura hiyo. Marehemu wako muombee dua, mlipie madeni, mtolee sadaka. Fedha anayoila mganga ingeweza kumlipia deni linalomsubiri.

Na lau Truman angeita mtu wa kufukuza mizimu badala ya fundi, sakafu ingewaangukia watu.

Wallahu a'lam.