Gesi ya kimiminika Mavoko: maswali na majibu kuhusu umbali wa usalama

Gesi ya kimiminika ni nini?

Ni gesi iliyogeuzwa maji ili ichukue nafasi ndogo. Ziko aina mbili, na mara nyingi watu hudhani ni kitu kimoja. Gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, hugeuka kimiminika ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sufuri. Ujazo wake hupungua karibu mara 600, na ndipo huweza kusafirishwa kwa meli. Katika biashara huitwa LNG. Gesi ya kupikia, LPG, ni mchanganyiko wa propani na butani. Hii haihitaji baridi kali; hugandamizwa tu ikawa maji, na ndiyo sababu hukaa salama ndani ya mtungi wa kilo 6 au 13 jikoni. Ikivuja, lita moja ya kimiminika hicho hutoa takriban lita 250 za gesi.

Kenya haina kituo cha LNG. Mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa megawati 700 wa kutumia LNG huko Dongo Kundu, Mombasa, haukutimia. Kwa hiyo sheria inayomgusa mkazi wa Mavoko, katika Kaunti ya Machakos, ni ile ya LPG, ingawa kanuni zinazoongoza aina zote mbili zina shina moja.

Kaunti ya Machakos inahusika vipi?

Tangu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilipoacha kazi hiyo mwaka 2013, LPG yote huagizwa kutoka nje, na sehemu kubwa huingia nchini kwa meli. Bomba la mafuta linalotoka Mombasa kwenda Nairobi husafirisha petroli, dizeli na mafuta ya ndege, si LPG. Sehemu kubwa ya gesi hiyo basi hupanda bara kwa malori ya tangi kupitia barabara ya Mombasa, hupita Kyumvi na Lukenya, kisha huingia Athi River na Mlolongo, katika manispaa ya Mavoko.

Mavoko ndiyo sehemu ya kaunti yenye viwanda vingi, na ni jirani wa Embakasi ya Nairobi. Pia ni mahali ambapo nyumba zimeongezeka kwa kasi kubwa: sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 320,000 katika kaunti ndogo ya Athi River, kati ya watu 1,421,932 wa kaunti nzima. Depo iliyojengwa nyikani miaka 20 iliyopita inaweza leo kupakana na ploti za makazi, bila mwenye depo kusogeza hata nguzo moja.

Hatari yenyewe hutokea vipi?

LPG ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, hutambaa chini, huingia mitaroni na kwenye mashimo ya maji taka, na huweza kufika mbali na tangi kabla ya kukutana na moto. Inatosha gesi hiyo ifike asilimia 2 hivi ya hewa ndipo iweze kushika moto. Jiko la makaa la jirani, swichi ya stima au injini ya gari inayowashwa hufanya kazi iliyobaki.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Moto ukilizunguka tangi, kimiminika kilichomo huchemka na presha hupanda. Vali ya usalama hufunguka na kutoa gesi, lakini kimiminika kinapopungua, chuma cha juu hakipozwi tena na kitu chochote. Hulainika, kisha hupasuka. Kilichomo hugeuka mvuke mara moja na kuwaka kama mpira wa moto. Ndiyo maana matangi makubwa huwekewa mabomba ya kuyanyunyizia maji, na mengine hufunikwa kwa udongo ili moto usiyafikie.

Methani iliyopashwa joto ni nyepesi kuliko hewa, lakini LNG iliyomwagika hutoa mvuke baridi sana ambao nao hutambaa chini kwanza. Tena LNG ghalani haitiwi ile harufu ya kuonya ambayo mpishi huinusa mtungi unapovuja, kwa hiyo vituo vyake hutegemea vifaa vya kuhisi gesi.

Nchini Kenya nani anadhibiti?

Hakuna ofisi moja inayoshika kila kitu. Sheria ya Petroli ya 2019 na kanuni za LPG zilizotolewa mwaka huo huo zinaipa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, kazi ya kutoa kibali cha ujenzi na leseni za kuhifadhi, kujaza, kusafirisha na kuuza gesi. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, ndilo hutunga viwango vya Kenya vya matangi, mabomba na umbali. Mamlaka ya mazingira, NEMA, hutoa leseni ya mazingira baada ya tathmini ya athari. Idara ya Usalama na Afya Kazini hukagua mahali pa kazi chini ya sheria ya 2007. Serikali ya kaunti huamua matumizi ya ardhi na kuidhinisha ramani za majengo, na Katiba imeikabidhi pia kazi ya kuzima moto.

Kila karatasi hujibu swali lake. Leseni ya NEMA haisemi kwamba vali zinafaa, na kibali cha kaunti hakisemi kwamba tangi liko mbali vya kutosha na nyumba. Mwekezaji anahitaji zote. Ikikosekana moja, hakuna kituo halali, hata kama zile nyingine zimetundikwa ukutani.

Mkasa wa Embakasi ulifichua nini?

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lenye gesi lililipuka katika eneo la Mradi, Embakasi, Nairobi. Moto ulienea hadi kwenye ghala la nguo, magari na nyumba za watu. Vifo vitatu vilithibitishwa katika siku za mwanzo, idadi ikaongezeka baadaye, na waliojeruhiwa walizidi 270.

Asubuhi yake EPRA ilieleza kwamba ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha kuhifadhi na kujaza gesi mahali hapo mara tatu: Machi 19, Juni 20 na Julai 31 mwaka 2023. Sababu kuu ilikuwa kwamba michoro haikutimiza umbali wa usalama unaotakiwa na kiwango cha Kenya, tena eneo lilikuwa na watu wengi. Mwombaji alikuwa ametakiwa kuleta tathmini inayoonyesha joto na nguvu ya mlipuko vingefika wapi endapo ajali ingetokea. Siku chache baadaye NEMA ilisema kwamba leseni ya mazingira ilikuwa imetolewa isivyofaa, na maafisa wake wanne wakasimamishwa kazi.

Mara nyingi huelezwa kwamba Embakasi ilikosa sheria. Sivyo. Sheria ilikuwepo, mhandisi aliisoma ramani, akaona kasoro ile ile iliyokuja kuua watu, akakataa. Kilichokosekana ni njia ya kuifanya kauli hiyo ya kukataa ifike kwa ofisi nyingine zote na kwa polisi, kisha lango lifungwe kweli. Ombi lililokataliwa mara tatu ni taarifa nzito kuliko leseni iliyotolewa, kwa kuwa linaonyesha mtu anayelitaka eneo hilo kwa kazi hiyo. Lilistahili kufuatiliwa mpaka kwenye ploti yenyewe.

Umbali wa usalama hupimwa vipi?

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni jedwali: tangi la ukubwa fulani likae mita kadhaa kutoka mpakani. Kanuni za Marekani za LPG, kwa mfano, hudai futi 50, takriban mita 15, kwa tangi la juu ya ardhi lenye ujazo kati ya galoni 2,001 na 30,000. Njia ya pili ni hesabu ya madhara, ambayo kanuni za LNG hutegemea zaidi: huchukuliwa ajali inayoweza kutokea, hukokotolewa wingu la gesi litasambaa hadi wapi na joto la moto litakuwa kiasi gani penye mpaka, kisha eneo hilo lote huzuiwa watu kuishi.

Tofauti yake ni kubwa. Mita 15 huzuia moto mdogo wa jirani usilifikie tangi, na huwapa wafanyakazi nafasi ya kufunga vali. Hazimkingi mtu yeyote tangi likipasuka. Huko San Juan Ixhuatepec, kando ya jiji la Mexico, bomba lilipasuka tarehe 19 Novemba 1984 katika depo ya LPG, matangi yakaanza kulipuka moja baada ya jingine, na watu wapatao 500 wakafa. Vipande vya matangi viliruka hadi mita 1,200. Watu walikuwa wamejenga kuielekea depo hiyo mwaka hadi mwaka.

Kwa LNG, somo lilipatikana mapema Cleveland, Marekani, tarehe 20 Oktoba 1944. Tangi lililotengenezwa kwa chuma kisichostahimili baridi lilipasuka, kimiminika kikatiririka hadi mitaani na mitaroni, watu wapatao 130 wakafa. Leo matangi mengi ya LNG hutengenezwa kwa chuma chenye asilimia 9 ya nikeli, na huzungushiwa kuta za kuzuia kilichomwagika kisitoke.

Nani hulinda umbali huo baada ya kituo kujengwa?

Hili ndilo pengo kubwa kuliko yote. Mkaguzi wa leseni huangalia ndani ya ua. Nje ya ua, ardhi ni ya watu wengine, na mwenye ploti ana haki ya kuomba kibali cha kujenga ghorofa. Nchini Uingereza, baada ya mlipuko wa kiwanda cha Flixborough uliowaua watu 28 mwaka 1974, ulijengwa utaratibu ambao halmashauri lazima iulize mamlaka ya afya na usalama kabla ya kuruhusu jengo karibu na kituo hatari. Ulaya, kituo chenye tani 50 za LPG au zaidi huingia katika sheria ya ajali kubwa, na sheria hiyo hudai mipango ya ardhi izingatie umbali.

Machakos inaweza kufanya vivyo hivyo bila kungoja sheria mpya. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaipa kaunti mamlaka ya kutosha kuchora ukanda kuzunguka kila depo ya Mavoko na kukataa shule, hospitali na nyumba ndani yake. Mipaka ya ukanda huo ikiandikwa kwenye mpango wa manispaa, mnunuzi wa ploti ataiona kabla ya kulipa.

Mradi wa LNG wa Lindi una utaratibu gani?

Tanzania imetenga zaidi ya hekta 2,000 huko Likong'o, Lindi, kwa mtambo wa kugeuza gesi asilia ya baharini kuwa LNG, na wakazi walilipwa fidia kabla ya ujenzi. Ardhi pana kiasi hicho ndiyo ukanda wa usalama wenyewe. Kutenga mapema ni nafuu kuliko kuhamisha mji baadaye.

Mkazi anaweza kujua vipi kama kituo jirani ni halali?

EPRA huchapisha orodha ya wenye leseni. Jina na mahali vilinganishwe na kilichopo langoni. Ripoti ya tathmini ya mazingira hutangazwa ili wananchi watoe maoni, na asiyeridhika na uamuzi wa NEMA ana siku 60 za kukata rufaa katika mahakama maalumu ya mazingira. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ya umma hutakiwa kujibu ombi la habari ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai wa mtu. Maswali ya kuuliza ni matatu: kibali cha ujenzi kilitolewa tarehe gani, tangi lina tani ngapi, na tathmini ya hatari inasema joto litafika wapi.