Kutathmini Programu ya Mafunzo: Mfano wa Shahada ya Uuguzi

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi huenda akauliza: shahada ya uuguzi yamhusu nini? Yamhusu sana. Kasoro ya mafunzo ya muuguzi hudhihirika upesi, kwani mgonjwa huumia. Kasoro ya mafunzo ya mwalimu yaweza kufichika miaka mingi. Kwa hiyo tutautumia mfano huo, tukiwa hapa Dodoma, kueleza maana ya tathmini.

1. Kupima na kutathmini
Kupima ni kutafuta kiasi: mwanafunzi amepata alama 62 kati ya 100. Kutathmini ni kuamua thamani: je, alama hizo zatosha, nazo zathibitisha nini? Atathminiye programu hamhukumu mwanafunzi peke yake, bali huikagua kazi nzima iliyomfikisha hapo.

2. Mambo manne ya kuchunguza
Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hutoa shahada ya uuguzi ya miaka minne. Tukifuata utaratibu wa mtaalamu wa Kimarekani, Daniel Stufflebeam, ulioanza katika miaka ya 1960, shahada ya namna hiyo yafaa kuulizwa haya:

(a) Mahitaji. Wagonjwa ni akina nani? Wengi katika nyanda hizi za ukame ni wakulima na wafugaji. Programu imwandaayo muuguzi kwa wodi kubwa tu, ikaisahau zahanati ya kijiji, imepungukiwa tangu mwanzo.

(b) Nyenzo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 jirani na chuo, ni nyenzo kubwa. Hata hivyo, mtathmini hana budi kuhesabu: ni wanafunzi wangapi humzunguka mgonjwa mmoja?

(c) Mwenendo. Ratiba yaweza kuonyesha saa nyingi za mazoezi, kumbe popote pale mwanafunzi aweza kuzimaliza akibeba majalada. Hili halijulikani ofisini. Sharti kwenda kutazama.

(d) Matokeo. Mhitimu aweza kutenda nini? Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake walieleza mtihani wa vituo: mtahiniwa hupita kituo hadi kituo, akitenda kazi moja moja mbele ya msahihishaji mwenye orodha ya hatua. Aliyeandika vizuri juu ya kunawa mikono hutakiwa anawe.

3. Nani atathmini?
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania husimamia ubora wa programu. Baraza la Uuguzi na Ukunga husajili wauguzi na kuwapa leseni. Lakini wakufunzi nao wajichunguze, na wauguzi wanaowapokea wahitimu waulizwe. Jicho moja halitoshi.

4. Funzo kwetu
Mtoto wa Darasa la Pili aweza kuukariri ukurasa mzima bila kujua kusoma. Mwalimu akimpa alama kwa kukariri, amempima lakini hakumtathmini. Mfungulie ukurasa asiouzoea, umsikilize. Asiposoma, usimlaumu kwanza yeye. Rudi kwenye mahitaji, nyenzo na mwenendo wa somo lako.

Zoezi
1. Chagua somo moja ulilofundisha katika mazoezi ya kufundisha, ulitathmini kwa mambo manne yaliyotajwa.
2. Tunga vituo vitatu vya kupima kuhesabu kwa vitendo, kwa kutumia mawe, vijiti au mbegu.